Turudishe Sinema ya Mtaani, Ila Mlango Uwe Wazi

Mama yangu aliuza karanga na ubuyu mbele ya banda la video kwa karibu miaka saba, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Kwa hiyo nikisema nimekulia kwenye sinema, msidhani nilikaa kwenye benchi. Nilikaa nje, juu ya ndoo iliyogeuzwa, chini ya mwarobaini, beseni la karanga likiwa miguuni. Muvi karibu zote za utoto wangu nilizisikia tu. Kuziona niliziona baadaye sana, kwenye simu, nikiwa tayari mwaka wa kwanza hapa chuoni. Siku nilipoiona kwa mara ya kwanza moja ya zile za Kichina nilizozijua kwa moyo, nilicheka peke yangu kitandani: yule bwana niliyemdhania jitu kumbe ni mtu mfupi, mwembamba, wa kawaida kabisa. Ni sauti ya mtafsiri iliyomkuza.

Banda lenyewe lilikuwa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Ambao hamjafika, Chang'ombe ni ule mtaa ambao nyumba zimeshikana bega kwa bega na ukitaka kupita na mkokoteni lazima uombe njia. Kuta zilikuwa za mabanzi, paa la mabati, na kwa ndani kila tundu limezibwa kwa gunia ili mwanga usiingie. Mbele kabisa kulikuwa na televisheni ya kichogo juu ya meza ndefu, imefungiwa kwenye kisanduku cha nondo na kufuli. Chini yake deki, pembeni spika mbili kubwa kama kabati. Mabenchi yalikuwa ya mbao, hayana pa kuegemea, na watu walibanana mpaka ukitaka kukohoa jirani lazima ajue. Ndiyo maana yakaitwa vibanda umiza. Nje kulikuwa na ubao mweusi, umeandikwa kwa chaki muvi za siku hiyo na saa zake. Mtoto shilingi mia, mkubwa mia mbili, mpira wa Uingereza mia tano. Wakicheza Simba na Yanga, bei ilikuwa anavyojisikia mwenye banda.

Mwenye banda tulimwita Mjomba, na alikuwa mjomba wa mtaa mzima. Umeme ukikatika alitoka mlangoni na kusema, "Tulieni, nawasha," kisha akaenda nyuma kuvuta kamba ya jenereta. Likigoma, hakurudisha hela. Alitoa vipande vya boksi vilivyopigwa muhuri, urudi navyo kesho. Vile vipande vilizunguka mtaani kama fedha halali. Kaka yangu aliwahi kunyolewa kwa kipande kimoja.

Pembezoni mwa banda ndipo kulipokuwa na mtaa wenyewe. Fundi baiskeli alihamia pale kwa sababu vijana waliacha baiskeli zao kwake na kuingia ndani. Kinyozi akafuata. Jioni alikuja kaka wa chipsi mayai, na mama mmoja wa vitumbua aliyekuwa anajua kabisa muvi itaisha saa ngapi, maana alianza kuchoma dakika kumi kabla. Sisi na karanga zetu tulijua pia. Muvi ya mapigano iliuza karanga. Ya mapenzi iliuza ubuyu. Mama hakuwahi kukanyaga ndani, lakini akisikia muziki umepoa alikuwa ananiambia, "Leo funga vifuko vya ubuyu vingi."

Na juu ya yote hayo ilikuwa sauti. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza pengine hamkuzikuta zile muvi zilizotafsiriwa kama zilivyokuwa wakati huo. Mtu mmoja alikaa na kipaza sauti akaigiza wote: jambazi, polisi, mama, mtoto, mpaka mbwa. Maarufu kuliko wote alikuwa Lufufu, ambaye kanda zake zilienea karibu nchi nzima. Lakini hawa watu hawakutafsiri maneno tu. Walikueleza huyu ni nani, ametoka wapi, kwa nini ana hasira, na wakati mwingine walimshauri. Mhusika yupo Hong Kong anaingia hoteli, mtafsiri anasema huyu bwana ana njaa tangu asubuhi, hajatia kitu tumboni. Kwa mtu aliyekaa nje kama mimi, sauti ile ilitosha. Sikuhitaji picha. Nilikuwa na mwarobaini, vumbi la Dodoma, na mtu ananisimulia.

Sasa niwaambie kwa nini nilikaa nje.

Mtoto wa kike haingii banda. Hakukuwa na tangazo, na Mjomba hakuwahi kunifukuza. Ni jambo ambalo kila mtu alilijua, kama unavyojua kutompa mtu kitu kwa mkono wa kushoto. Msichana aliyeingia kwenye giza lile pamoja na wavulana arobaini alitoka na jina jipya, na jina hilo lilifika nyumbani kabla yake. Kaka yangu, ambaye tumepishana miaka minne, aliingia na kutoka anavyotaka. Mimi niliyekuwa nauza pale kila siku ya Mungu, niliyeyajua mazungumzo ya wahusika kuliko yeye, niliona kioo kile mara zisizozidi tano kupitia tundu la gunia.

Isipokuwa wiki moja. Aprili 2012, Steven Kanumba alipofariki, mtaa mzima ulikuwa kama umefiwa na ndugu. Mjomba akafuta ubao na kuandika Kanumba peke yake, asubuhi mpaka usiku. Siku ya pili wakaja akina mama. Walianza wawili, wakasimama mlangoni na kanga zao kama watu waliokuja msibani, mmoja akasema, "Mjomba, na sisi tunaomba tumwage mwanetu." Mjomba akawatoa wavulana benchi mbili za mbele. Jioni ile mama aliliacha beseni kwa fundi baiskeli, akanishika mkono, tukaingia. Nilikuwa na miaka kumi. Sikumbuki vizuri ilikuwa muvi ipi. Nakumbuka joto, harufu ya mafuta ya jenereta, na akina mama wanaongea na kioo: "Usimwamini huyo! Baba, usimwamini!" Walicheka, kisha wakakumbuka amekufa, wakalia, kisha wakacheka tena. Wavulana walionyamaza nyuma siku ile ni wale wale waliokuwa wanapiga mluzi kila siku.

Wiki iliyofuata Mjomba akarudisha ubao wa kawaida. Sisi tukarudi nje.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu kuna mtindo umeingia siku hizi wa kulilia vibanda umiza. Kila mtu mitandaoni anasema "enzi zetu". Hata hapa chuoni, wakikutana vijana watatu wa kiume wa rika langu, haipiti nusu saa kabla hawajaanza kuigiza Lufufu. Mimi pia nacheka nao. Lakini nyumbani kwetu neno banda halichekeshi. Kaka yangu hakufaulu Darasa la Saba, na mpaka leo mama anasema, "Banda lile lilinilia mtoto." Mwaka ule wa mtihani alikuwa anatoka nyumbani na sare, sare inaishia kwa fundi baiskeli, yeye anaingia muvi ya saa nne asubuhi. Mama alikuwa anauza karanga mlangoni jioni, bila kujua kwamba asubuhi mwanawe alikuwa ndani. Alipojua, alikuwa ameshachelewa, na hela tuliyokuwa tunakula ilikuwa inatoka pale pale.

Kaka ana maelezo yake. Anasema darasani walikuwa zaidi ya mia, kitabu kimoja benchi nzima, na alikuwa ameacha kuelewa tangu Darasa la Tano. Banda ndilo lilikuwa mahali pekee alipokuwa anaelewa kinachoendelea. Pale ndipo alipojifunza kuunga waya, kutengeneza spika, kuijua jenereta kwa mlio. Leo anakodisha muziki kwenye harusi na misiba, na sehemu ya ada yangu ya mwaka wa kwanza, kabla mkopo haujatulia, ilitoka kwenye spika hizo. Nimewasikia wakibishana juu ya hili mara nyingi na sijui nimpe nani ushindi. Nadhani wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo simtaki anayesema banda lilikuwa pepo. Wala simtaki anayesema lilikuwa pango la wahuni tu, heri limekufa. Ninachouliza ni hiki: baada ya kufa, tumeweka nini mahali pake?

Muhula uliopita nilikuwa naandaa kazi ya darasa kuhusu burudani mijini, nikakutana na kitabu cha mwanahistoria Laura Fair, Reel Pleasures, kilichotoka mwaka 2018. Kinahusu majumba ya sinema ya Tanzania, Zanzibar na Bara. Nilikifungua nikitafuta habari za mabanda. Nikakuta habari za bibi zetu.

Kumbe kabla ya banda kulikuwa na sinema halisi, majengo ya matofali yenye viti, karibu kila mji wa maana, pwani na kando ya reli. Zanzibar walikuwa na Royal tangu mwaka 1921. Ikaja kuitwa Majestic, ikaungua 1954, ikajengwa upya mwaka uliofuata. Dar es Salaam walikuwa na Avalon, Empire, Odeon na nyingine kadhaa, na tangu 1966 wakawa na Drive-In, ambako watu waliangalia wakiwa ndani ya magari. Na huko, wanawake walikuwemo. Jumapili ilikuwa siku ya familia: baba, mama, watoto, mashangazi, wamevaa nguo zao nzuri, wanakwenda kuangalia filamu ya Kihindi. Zanzibar kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, kwa wale ambao kukaa ukumbini na wanaume kungekuwa tatizo. Filamu kama Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, zilijadiliwa majumbani siku nyingi baada ya kuonyeshwa: nani alimkosea nani, kupenda ni nini, baba ana haki gani juu ya mwanawe. Watu walikwenda kuangalia, na pia walikwenda kuonana.

Nilikaa na lile jambo siku nzima. Maana mimi nilikua nikiamini kwamba mwanamke kukaa nje ya sinema ndiyo mila. Kumbe siyo mila ya zamani kiasi hicho. Ni jambo lililokuja na banda.

Majumba yale yalikufaje ni hadithi ndefu, na haina mwuaji mmoja. Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma lililoanzishwa 1968, lilipewa kazi ya kuingiza na kusambaza filamu. Fedha za kigeni zikawa adimu, filamu mpya zikapungua, viti vikachakaa. Miaka ya 1980 zikaingia kanda za video. Mwaka 1994 televisheni ikaanza Bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Majumba yakafungwa moja baada ya jingine, mengi yakageuka makanisa, maghala na maduka. Pale ilipokuwa Drive-In ya Dar, leo kuna Ubalozi wa Marekani. Aliyekuwa na uwezo akaangalia nyumbani kwake. Asiyekuwa nao, kama ni mwanamume, akaingia banda. Kama ni mwanamke, aliuza karanga.

Halafu banda nalo likafa, na hapa sihitaji kitabu, niliona kwa macho. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, baada ya uamuzi uliofanywa tangu 1973, viwanja vilipanda bei mpaka watu wakaogopa. Mjomba hakufukuzwa na mtu. Alikuja mnunuzi, akataja hela ambayo banda lisingeweza kuiingiza kwa miaka ishirini. Angekataaje? Leo pale kuna fremu nne: wakala wa pesa, vifaa vya ujenzi, saluni na duka la simu. Ni nzuri, zina vigae. Mwarobaini umekatwa. Fundi baiskeli sijui alikokwenda. Na vijana ambao zamani wangekuwa ndani ya banda wamekaa juu ya bodaboda mbele ya saluni, kila mmoja ameinamia simu yake.

Na sisi tulioko huku mlimani? Chumba chetu hosteli kina vitanda sita. Mwezi uliopita usiku mmoja niligundua kwamba watatu kati yetu tulikuwa tunaangalia tamthilia ile ile ya Kikorea, sehemu ile ile, kila mmoja na hedifoni masikioni, kila mmoja ametumia bando lake. Mmoja akacheka, baada ya dakika mbili akacheka wa pili. Tungeweza kucheka pamoja. Hatukujuana mpaka asubuhi.

Mtasema hilo ni dogo. Sidhani kama ni dogo. Tuna chuo kikubwa, ndaki ziko mbali mbali, mtu anaweza kumaliza miaka mitatu asimjue hata mmoja wa ndaki nyingine. Tunakutana kwenye foleni ya chakula, kwenye usajili, na kwenye kampeni za uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, wakati ambapo kila mtu ana la kutaka kwa mwenzake. Boom likitoka, wenye uwezo wanashuka mjini kwenye baa na muziki wa kupasua masikio, ambako huwezi kuzungumza hata ukitaka. Asiyekunywa hana pa kwenda. Msichana asiyetaka kununuliwa soda na mtu hana pa kwenda. Tunajenga makao makuu ya nchi. Tuna barabara za mzunguko, tuna treni ya umeme kutoka Dar tangu mwaka 2024, na ni vizuri. Lakini mahali ambapo kijana mwenye shilingi mia mbili anaweza kukaa saa mbili na wenzake, akacheka na kubishana, halafu akarudi nyumbani salama, hapo ndipo tumerudi nyuma.

Muhula uliopita tulijaribu. Tulikuwa wanne, tukamwomba kaka yangu spika mbili, tukaazima projekta, tukatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyuma ya hosteli. Tulitegemea watu kumi na tano. Walikuja wengi mpaka wakakaa chini, na wasichana walikuwa nusu au zaidi. Dakika ya arobaini tukaambiwa tuzime, hatuna kibali. Sitalalamika, kweli hatukuwa nacho, na mtihani ulikuwa karibu. Lakini kabla ya kuzima, kulikuwa na binti mmoja nyuma alimpigia kelele mhusika: "Usimwamini huyo!" Nikasikia sauti za akina mama wa Chang'ombe.

Kwa hiyo naiandikia serikali yetu ya wanafunzi, na nawaandikia ninyi mnaoichagua. Naomba vitu vinne, vyote vinawezekana.

Kwanza, ukumbi mmoja wa mihadhara, Jumamosi moja kati ya mbili, nje ya wiki za mitihani. Kumbi zipo, projekta zimo ndani, na usiku wa Jumamosi zimefungwa.

Pili, tuanze saa kumi na moja jioni na kumaliza saa mbili usiku. Hili msilichukulie kama jambo la ratiba tu. Wengi wetu tumepanga Ng'ong'ona, na msichana anayefikiria njia ya kurudi usiku wa manane hatakuja, hata mkiandika kwa herufi kubwa kwamba wote mnakaribishwa. Mlango haufungwi kwa kufuli peke yake.

Tatu, tuangalie kwa ruhusa. Banda la Mjomba liliishi kwa nakala za wizi, na wasanii waliotuchekesha hawakuona hata senti ya mia zetu. Sisi ni wasomi, tuwaandikie wenye filamu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo baadhi yetu tuliisoma sekondari, ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021. Wangapi hapa chuoni wameiona? Binti ya Seko Shamte? Tunazijua filamu za Seoul kuliko za kwetu. Nina hakika mwongozaji akiandikiwa barua ya heshima na wanafunzi wa Dodoma atajibu, na pengine atakuja.

Nne, taa zikiwashwa tusikimbie. Nusu saa ya kubishana. Bibi zetu walibishana juu ya Awara bila shahada.

Najua yatakayosemwa. Kwamba chuo ni mahali pa kupiga msuli. Kwamba watu watadisko. Ninamfahamu mtu aliyeharibikiwa masomo kwa sababu ya banda, nimekula naye sahani moja, kwa hiyo hilo silichukulii kwa mzaha. Lakini kaka yangu alikimbilia gizani saa nne asubuhi kwa sababu darasa lilikuwa limeshamtupa. Onyesho la Jumamosi jioni, lenye saa ya kuanza na saa ya kuisha, haliwezi kufananishwa na hilo. Na kama hofu ni usingizi na masomo, simu iliyo chini ya mto wako saa nane usiku inakuibia zaidi.

Mama bado anauza. Amehamia Majengo, karibu na soko, na beseni ni jipya. Nilipomweleza mpango huu aliniuliza swali moja tu: "Wasichana wataingia?" Nikamwambia wataingia. Akasema basi siku ya kwanza atakuja na karanga, lakini nimwekee kiti ndani, maana ana deni la miaka saba.